Shangazi, mwanangu amehamia Dodgers

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku, niko zamu ghalani, wenzangu wameenda kula. Nisamehe barua ikiwa ndefu. Mama watoto ndiye aliyenisukuma nikuandikie. Anasema yeye amechoka kunisikiliza, na kwamba wewe ndiyo kazi yako.

Nina miaka 37. Nimezaliwa Fizi, Kivu ya Kusini, nikakulia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, na tangu Novemba 2011 niko hapa Lexington, Kentucky. Nina mke na watoto watatu, na mama yangu mzazi tunaishi naye. Kazi ipo, afya ipo. Linalonisumbua ni michezo, na mwanangu aliyehamia Dodgers, timu ya besiboli ya Los Angeles. Najua kuna watakaocheka, ila humu ndani kwangu hakuna anayecheka tena.

Acha nikueleze nilivyoingia. Tulikuwa hatujamaliza hata miezi mitano Marekani. Usiku wa tarehe 2 Aprili 2012 tukasikia kishindo mtaani, kama watu elfu wanakimbia. Nikachungulia dirishani, naona moto. Watu wametoa makochi nje, wanayachoma katikati ya barabara, helikopta inazunguka juu. Shangazi, mimi kelele za namna ile nazijua. Nikazima taa, nikamlaza mama sakafuni, nikamwambia mke wangu avae viatu. Mara mlango ukagongwa. Kumbe ni jirani wa chini, mzee wa Kizungu, ambaye tulikuwa tunapungiana mikono tu. Anacheka huku machozi yanamtoka, akanikumbatia, akanivika fulana ya bluu papo hapo mlangoni. Wildcats, timu ya Chuo Kikuu cha Kentucky, walikuwa wamewafunga Kansas 67 kwa 59 kule New Orleans, wamechukua ubingwa wa nane wa kikapu cha vyuo. Sikuelewa hata neno moja alilosema, ila tangu usiku ule mimi ni mtu wa Kentucky. Fulana ninayo mpaka leo, imechakaa kwapani.

Besiboli nilipewa na msimamizi wangu wa kwanza ghalani. Alikuwa na redio juu ya kabati la vifaa, na msimu mzima, mechi 162, haitoki kwa Cincinnati Reds. Cincinnati ni mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwetu, kwa hiyo watu wengi wa huku ni Reds. Kiingereza changu nimekisomea kwa Marty Brennaman, aliyetangaza mechi zao kuanzia 1974 hadi alipostaafu 2019. Nilijua kusema mpira umetoka nje ya mstari kabla sijajua kumwambia daktari tumbo linauma upande gani.

Sasa sikia nilicholipwa.

Reds walichukua ubingwa mara ya mwisho 1990. Mara ya mwisho kushinda hata raundi moja ya mchujo ilikuwa 1995, mimi mtoto wa miaka saba Fizi. Mwaka wangu wa kwanza wa kuwafuata, 2012, waliwatangulia San Francisco Giants mechi mbili kwa bila. Ilibaki kushinda moja, tena nyumbani. Wakapoteza zote tatu. Mwaka 2020 walicheza na Atlanta mizunguko 22 bila kupata pointi hata moja. Mwaka 2022 walianza msimu kwa kushinda 3 na kupoteza 22, wakamaliza na vipigo 100. Na siku ya mechi ya ufunguzi nyumbani mwaka huo huo, kiongozi mmoja wa klabu aliulizwa redioni kuhusu mashabiki waliokata tamaa, naye akauliza: mtaenda wapi? Aliomba radhi baadaye, sawa. Lakini swali hilo, Shangazi, mimi nimewahi kuulizwa na watu wenye bunduki. Sikutegemea kuulizwa na timu yangu.

Wakati huo huo Dodgers wa Los Angeles, Desemba 2023, wakamsaini Shohei Ohtani kwa dola milioni 700 kwa miaka 10, na milioni 680 kati ya hizo watazilipa baadaye, mkataba ukishakwisha. Mimi hata kochi la mkopo walinikagua mishahara ya miezi mitatu. Besiboli haina kikomo cha mishahara, mwenye nazo ananunua, asiye nazo analea watoto wa kuuza. Na kila kitu wamekichezea. Mechi ikifika mizunguko ya nyongeza wanakuwekea mkimbiaji wa bure kituo cha pili, tangu 2020. Ni kama dakika za nyongeza zianze mshambuliaji keshawapita mabeki wote. Halafu mwaka mmoja nikalipia kifurushi cha kuangalia mechi kwenye intaneti, timu zote 30. Zikaonekana zote isipokuwa Reds, kwa sababu naishi eneo lao! Nilipiga simu nikidhani ni hitilafu.

Nikasema basi, nitaponea kwenye kikapu. Kikapu ndiyo kimenimaliza. Mwaka 2015 tulishinda mechi 38 mfululizo, tukafungwa na Wisconsin nusu fainali. Mwaka 2022 tulikuwa na Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, ribaundi 15 kwa mechi, yaani mipira anayodaka ikikosa kikapu. Alipotangazwa mchezaji bora wa vyuo vyote, mama yangu, ambaye hajui kikapu kina pande ngapi, alipiga vigelegele. Timu hiyo hiyo ikatolewa raundi ya kwanza na Saint Peter's, kachuo ka New Jersey ambako hata Wamarekani walikuwa wanauliza kako wapi. Tshiebwe alifunga pointi 30 na kuchukua ribaundi 16, na bado tukatoka. Mwaka 2024 tukatolewa tena raundi ya kwanza na Oakland, wala si ile Oakland ya California, ni chuo cha Michigan. Kijana mmoja, Jack Gohlke, akatupiga pointi tatu mara kumi. Mkeka wangu wa Machi, ule tunaojaza kazini dola kumi kumi, ulichanika siku ya kwanza.

Na wachezaji hawakai. Zamani walikuwa wanaondoka kwenda NBA baada ya mwaka mmoja, nikazoea. Sasa wanahamia chuo kingine, kama dirisha la usajili lisilo na pazia. Ilipofika 2024 kocha John Calipari alienda Arkansas, na karibu timu nzima ikatawanyika. Akaja Mark Pope, nahodha wetu wa 1996, akakusanya wachezaji wapya. Alikuwemo Travis Perry, kijana wa Kentucky hapa hapa, aliyefunga pointi nyingi kuliko mvulana yeyote katika historia ya shule za sekondari za jimbo. Nikasema huyu hatoki. Mwaka mmoja, huyo, chuo cha Mississippi.

Sasa nifike penyewe. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 11. Oktoba mosi 2025, Jumatano, Reds walikuwa Los Angeles, mechi ya pili ya mchujo. Ya kwanza tulishafungwa 10 kwa 5, Ohtani kapiga mipira miwili nje ya uwanja. Hii tukatangulia pointi mbili mzunguko wa kwanza. Nikamwita kijana aje aone, ingawa kesho yake ni shule na saa ilikuwa imeenda. Akaja, kavaa kofia ya Dodgers. Nikamuuliza ya nani, akasema yake, amenunua kwa pesa aliyopewa na bibi yake siku ya kuzaliwa. Nikavumilia. Dodgers wakarudisha, wakapita, 8 kwa 4. Na pale walipopita, mwanangu akaruka juu kwa furaha, kwenye kochi langu.

Nilimvua ile kofia nikaenda kuitupa kwenye pipa la jikoni, juu ya maganda ya ndizi. Hakulia. Akasema, "Baba, si ni bluu kama ya Kentucky?" Nikamwambia mtu habadili timu kama soksi. Akafikiri, akauliza: "Kwani wewe kabla hujaja hapa ulikuwa timu gani?"

Sikujibu. Kambini nilikuwa Yanga. Jirani yetu mwenye redio alikuwa Yanga, basi na sisi watoto wote wa safu ile ya nyumba tukawa Yanga. Sijaifuatilia miaka mingi.

Tangu siku ile anaongea na mimi kwa adabu sana, na ndiyo inayonitisha. Mke wangu anasema mwezi wa tatu na mwezi wa kumi watoto hawana baba, wana mtu anayeifokea televisheni. Kofia niliitoa pipani asubuhi, iko kwenye gari chini ya kiti, naona haya kumrudishia. Inanuka.

Nauliza mawili. Je, niachane na michezo kabisa? Na huyu kijana nimfanyeje, maana nikinyamaza si nitakuwa nimemfundisha kwamba uaminifu hauna maana?

Baba wa Fulana ya Bluu, Lexington

*

Marahaba, mwanangu. Mwambie mkeo kwamba silipwi, nasikiliza bure kama yeye.

Niko Ohio mwaka wa 26 sasa. Marehemu mume wangu alikuwa Reds kwa ubishi tu, maana kazini kwao wote walikuwa Cleveland. Kwa hiyo usidhani umemwandikia mtu wa kukuambia "ni mchezo tu, baba." Mtu aliyekuambia hivyo hajawahi kusikia mzunguko wa tisa, ule wa mwisho, redioni, yuko jikoni, mkono umeganda kwenye mwiko.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikaanza kuhesabu ni mara ngapi umetaja redio.

Nianze na manung'uniko yako, maana mengine ni ya haki na sitaki uone nayapuuza. Kifurushi kinachoonyesha timu zote isipokuwa ya kwenu ni dhuluma, sina neno jingine. Mkimbiaji wa bure kituo cha pili nami simpendi. Na lile swali la "mtaenda wapi" lilikuwa tusi kwa kila mtu, ila kwako lilikuwa zaidi, na sikulaumu kwa kulibeba mpaka leo. Pole kwa hilo.

Kwenye pesa sasa, nusu uko sahihi, nusu unajifariji. Ni kweli besiboli haina kikomo cha mishahara na Dodgers wanatumia watakavyo. Lakini tazama majirani zenu wa kundi lile lile, Milwaukee Brewers. Mji wao si mkubwa, na mfuko wao haukaribii wa Los Angeles. Mwaka 2025 walishinda mechi 97, hakuna timu nyingine ya ligi nzima iliyofika hapo. Reds mlishinda 83, mkaingia mchujo siku ya mwisho kabisa kwa sababu New York Mets, waliompa Juan Soto dola milioni 765, nao walishinda 83 hizo hizo na kanuni ikawapendelea ninyi. Kwa hiyo siku ile fedha ilikaa nje, umasikini ukaingia ndani, na wewe kwenye barua yako hukuliandika hilo hata kwa mstari mmoja. Ukiwa na hasira ya fedha, waulize wenye timu yako kwanza Milwaukee wanafanyaje, ndipo uwaulize Dodgers.

Tena hao Brewers Dodgers waliwafagia nne kwa bila. Ile mechi ya nne, Oktoba 17, Ohtani alitupa mwenyewe, akawatoa wapigaji kumi, na akipiga akapeleka mipira mitatu nje ya uwanja. Mechi moja, mtu mmoja. Mwanangu, mimi na magoti yangu haya nilisimama. Sasa wewe unataka mtoto wa miaka 11 akae kitako, mikono kifuani, kwa sababu ya kitu kilichowapata Reds mwaka 2012, yeye hajazaliwa?

Huku kwenye kikapu ndiko nisipokubaliana nawe kabisa.

Unasema wachezaji hawakai. Huyo Tshiebwe ambaye mama yako alimpigia vigelegele, alitoka wapi? Alitoka West Virginia. Alianza kule, akahama, akaja kwenu. Wa West Virginia waliobaki na mabango yake hukuwalilia. Mark Pope, nahodha wako wa 1996, alicheza miaka miwili Chuo Kikuu cha Washington kabla ya kuja Kentucky. Hata yule Gohlke aliyekuchania mkeka alifika Oakland kwa kuhama, kutoka Hillsdale, chuo cha daraja la pili. Uhamisho ukikuletea mtu unauita baraka, ukimchukua unauita usaliti. Mpaka 2021 kijana akihama chuo alikalishwa benchi msimu mzima, wakati kocha wake anaweza kusaini kwingine asubuhi na kuanza kazi mchana. Mpaka Julai mwaka huo huo kijana hakuruhusiwa kupata hata senti kwa jina lake mwenyewe, wakati jezi zinauzwa na ukumbi wa Rupp Arena umejaa watu elfu ishirini. Wewe ghala la jirani likikuongezea dola tatu kwa saa, utabaki kwa ajili ya nembo iliyo kwenye kizibao chako?

Na kuna jambo kuhusu Tshiebwe ambalo wewe, kuliko mzee wako wa ghorofa ya chini, ungepaswa kuwa umelishika. Vijana waliporuhusiwa kulipwa matangazo, yeye hakuweza kama wenzake, kwa sababu alikuwa na viza ya mwanafunzi, na viza hiyo haimruhusu mtu kufanya kazi hiyo ndani ya Marekani. Mchezaji bora wa nchi nzima, na makaratasi yanamzuia. Agosti 2022 Kentucky walipoenda kucheza mechi za kirafiki Bahamas, ndipo akafanya kazi zake za matangazo huko, nje ya mpaka. Nilipoisikia habari hiyo nilimkumbuka kila mtu niliyewahi kumsindikiza ofisi za uhamiaji na bahasha ya kaki kwapani. Kijana wa Lubumbashi anavuka bahari ili jasho lake lihesabiwe. Wewe umetoka Fizi ukaenda Kasulu, ukatoka Kasulu ukaja Kentucky. Sisemi safari zako na za Travis Perry aliyehamia Mississippi ni sawa, wewe ulikimbia, yeye alichagua. Nasema neno "hawakai" halipendezi mdomoni mwako.

Enzi unayoitamani, ambapo mchezaji alikuwa wa timu mpaka azeeke, ilikuwepo kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kuondoka. Curt Flood, ambaye Reds ndio walimwibua mwaka 1956, miaka 13 baadaye aliambiwa na timu yake ya St. Louis kwamba ameshauzwa Philadelphia. Akakataa, akaenda mahakamani, Mahakama Kuu ya Marekani ikamkatalia 1972. Mwishoni mwa 1975 ndipo mlango ulipofunguliwa kwa wachezaji. Na ile timu ya Reds ya 1975 na 1976 ambayo wazee wa Cincinnati wanaizungumzia kama watu wanavyozungumzia mashamba waliyouza, haikudumu mlango ulipokuwa wazi. Pete Rose mwenyewe, mzaliwa wa mji, baada ya msimu wa 1978 alikwenda Philadelphia. Hilo mume wangu alikuwa halitaki mezani, hasa tukiwa na wageni.

Haya, tuje kwa kijana.

Umeniambia mwenyewe, na sijui kama ulijisikia ukiandika. Yanga ulipewa na jirani mwenye redio. Reds ulipewa na msimamizi mwenye redio. Kentucky ulipewa na mzee aliyekuvika fulana kabla hujajua hata jina la mchezo. Hakuna hata timu moja uliyoichagua, mwanangu, wewe ulimfuata kila aliyekufungulia mlango. Na umezipenda kwelikweli, sikatai. Kijana wako naye ana redio yake. Ni ile simu, inayomletea Ohtani kila asubuhi kabla hajapiga mswaki. Tofauti ni kwamba redio yako ilikuwa na watu pembeni yake, na ya kwake haina mtu. Usiku ule ulimwita. Akatoka kitandani, akavaa kilicho kizuri kuliko vyote alivyonavyo, akaja kukaa na wewe. Ukaona kofia.

Lile swali lake halikuwa la ujeuri. Alitaka kujua. Na wewe umemjibu Shangazi wa gazetini, hujamjibu yeye. Anajua baba yake alizaliwa Kongo, anajua kuna kambi, labda ameona picha mbili. Je, anajua kwamba watoto wa safu nzima walikuwa wanakusanyika nje ya nyumba moja kusikiliza Simba na Yanga? Betri zikiisha nguvu mlikuwa mnazianika juani? Sisi kwetu tulizianika. Mweleze hayo. Usiyafanye somo, na usimalizie na "ndiyo maana wewe inabidi..." Mweleze mkiwa kwenye gari, watoto wa umri huo husikia vizuri wasipotazamwa usoni. Ukifika pale pa makochi yanayowaka na bibi yake kalala sakafuni, usiharakishe. Muulize bibi naye asimulie upande wake. Nadhani atakumbuka vitu ambavyo wewe umesahau.

Kabla ya hapo, msamaha. Mwombe kijana wako radhi kwa maneno yanayoeleweka: nilikosea kuchukua kitu chako, ulikinunua kwa pesa yako, pesa ya bibi. Basi. Baba zetu hawakutuomba radhi, najua, na tulikua. Ila na wewe unajua adabu ya ghafla ya mtoto ina maana gani, ndiyo maana ukaandika.

Unaogopa ukinyamaza utakuwa umemfundisha kwamba uaminifu hauna maana. Uaminifu kwa nani? Miaka 13 umekuwa mwaminifu kwa watu waliokuuliza mtaenda wapi. Mwanao amewajibu. Amekwenda Los Angeles, na hakuhitaji hata nauli.

Kuacha michezo kabisa, hapana. Ukiacha utakuwa mtu mwenye hasira asiye na ratiba. Ila punguza. Besiboli ina mechi 162, na timu bora ya ligi nzima mwaka 2025 ilipoteza 65, kwa hiyo anayetaka kuumia kila kipigo lazima atafute kazi nyingine. Warudishe Reds redioni. Unafua, unakarabati kitu, unaendesha, wao wako pembeni. Televisheni iwe ya siku chache mlizochagua wote nyumbani. Mwezi wa tatu ni mgumu zaidi, kikapu cha vyuo hakina marudiano, ukifungwa mara moja umekwenda. Mwezi huo mkeo apewe haki ya kuzima televisheni bila kesi. Mkeka endelea nao, dola kumi si mbaya, lakini mwaka huu mjaze wawili na kijana, na umwache aandike bingwa anayemtaka. Akiandika Duke, mahasimu wenu, meza mate.

Na Dodgers huja Cincinnati mara moja kila msimu. Ratiba ikitoka, tafuta tiketi mbili za viti vya juu, upande unaoonekana Mto Ohio. Yeye bluu, wewe nyekundu. Kuna watu watawatania kwenye ngazi, na kule juu njugu ni ghali, bebeni za nyumbani. Elly De La Cruz wa Reds akiiba kituo, yaani akikimbilia kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa, usimwangalie mwanao kuona kama amefurahi. Atafurahi mwenyewe. Yule kijana wa Jamhuri ya Dominika mwaka 2023, mwezi wake wa pili tu kwenye ligi, aliiba kituo cha pili, cha tatu na cha nyumbani ndani ya mitupo miwili, hakuna mtoto anayeweza kumtazama akabaki Dodgers mtupu.

Kuhusu kofia, usiipeleke mashine, ukingo wake utapinda. Maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, mswaki wa zamani kwenye ule ukanda wa ndani unaokamata jasho, halafu uikaushe ukiwa umeivisha bakuli la duara ili isipoteze umbo. Harufu ya ndizi ikigoma, nyunyiza magadi ya kuokea, ilale nayo usiku kucha. Fanya hapo jikoni, yeye akiwepo.

Shangazi